Sura ya Saba: Chumvi Ambayo Shangazi Hakuiandika

"Kaka, mbona kwako inakubali?"

Kila aliyewahi kuandika programu na kumpelekea mtu ameulizwa swali hili, na wengi wetu hulijibu kwa kutazama pembeni. Mimi niliulizwa na kijana anayetunza kompyuta za chama kimoja cha kuweka na kukopa huko Mwanza. Nilikuwa nimewatengenezea kiprogramu cha kusoma taarifa za makato ya mishahara na kutoa ripoti ya mwezi. Kwenye laptopu yangu, Dar es Salaam, ripoti ilitoka chapuchapu. Kwake yalitoka maandishi mekundu skrini nzima, na katikati yake jina la kitu ambacho sikukumbuka kama niliwahi hata kukigusa: libxslt.

Nikafanya wanalofanya wote. Nikamwambia aweke hiki, kisha kile, kisha azime awashe. Siku ya tatu ikakubali, na kati yetu hakuna aliyejua ni hatua ipi iliyoiponya.

Orodha ni kumbukumbu ya mtu

Shangazi yangu wa Tanga alimwandikia bintiye aliyeolewa mbali namna ya kupika pilau. Aliandika mchele, nyama, vitunguu, mdalasini, iliki, bizari nyembamba, na vipimo vyake. Binti akapika, pilau likatoka chapwa. Alipopiga simu kulalamika, shangazi alishangaa kweli kweli: "Chumvi nayo ni ya kuandikwa?"

Shangazi hakudanganya. Kwenye jiko lake chumvi ipo siku zote, karibu na mkono, na kitu kilicho karibu na mkono hakionekani.

Programu nazo hupikwa. Mwandishi huandika msimbo, yaani maagizo ambayo binadamu anaweza kuyasoma. Msimbo huo hupitishwa kwenye kompaila, programu inayougeuza uwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitekeleza. Kazi hiyo nzima, kuanzia msimbo hadi kitu kinachowaka, tutaiita kujenga.

Hakuna anayejenga kwa viungo vyake mwenyewe tu. Anayeandika kwa lugha ya Python akitaka kusoma faili la aina fulani huchukua msimbo ambao mwingine amekwisha kuuandika na kuufunga kama kifurushi. (Si kile cha bando, ambacho huisha usiku wa manane. Hiki hakiishi, ila kinaweza kutoweka, kama tutakavyoona.) Kifurushi ambacho programu yako haiwezi kwenda bila hicho nitakiita kitegemewa. Nacho kina vitegemewa vyake, navyo vina vyao, na kiprogramu cha ripoti cha mistari mia mbili hujikuta kimebeba ukoo mzima.

Kila lugha ina ghala lake la vifurushi. Perl ina CPAN tangu 1995, R ina CRAN tangu 1997, JavaScript ina npm tangu 2010, Rust ina crates.io, Python ina PyPI. Unataja jina, chombo cha lugha kinakwenda ghalani, kinasoma orodha ya vitegemewa iliyoandikwa na mwenye kifurushi, kinakusombea vyote. Ni raha. Tatizo ni kwamba orodha ile ni kumbukumbu ya mtu, na mtu huyo aliiandika akiwa jikoni kwake.

Tuchukue kifurushi kilichonitia aibu Mwanza. Kinaitwa lxml, kinasoma faili za XML, na watu wa Python wanakitumia sana. Ukitazama orodha yake kule PyPI utadhani hakihitaji chochote. Lakini ndani yake kimeegemea maktaba mbili zilizoandikwa kwa lugha ya C, libxml2 na libxslt. (Maktaba hapa ni msimbo ulio tayari, ambao programu nyingine huuazima.) PyPI ni ghala la Python, na maktaba za C hazina rafu humo. Mara nyingi huoni pengo hilo, kwa sababu ghala hukupa kifurushi kilichokwisha kupikwa, maktaba zimo tumboni. Kwa aina ya kompyuta ya kijana wa Mwanza hakikuwapo kilichopikwa, hivyo kompyuta yake ikaamua kukipika yenyewe, ikafika penye chumvi, ikakuta mkebe haupo. Kwangu mkebe ulikuwapo tangu kazi nyingine ya miaka miwili nyuma.

Orodha hizi zina udhaifu mwingine. Aghalabu hazisemi toleo gani hasa. Husema "toleo la pili au zaidi". Ukijenga leo unapata la leo, ukijenga mwezi ujao unapata la mwezi ujao, na katikati hukubadilisha herufi moja. Kwa Python ya zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana orodha yenyewe ilikuwa ndani ya programu ndogo, setup.py. Ili ujue kifurushi kinahitaji nini ilibidi kwanza ukiendeshe, na ili ukiendeshe pengine ilibidi uwe umekwisha kuweka kinachohitajika.

Jiko lenye mlango wa kufungwa

Sasa fikiria shangazi angepika siku ile kwenye jiko geni, tupu, mlango umefungwa, na ndani mmeingizwa vile tu alivyoviandika kwenye karatasi. Angegundua kuhusu chumvi kabla ya binti yake.

Wazo hilo ndilo alilolifanyia kazi Eelco Dolstra wa Uholanzi, akalitetea kwenye tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Utrecht mwaka 2006. Mfumo wake unaitwa Nix. Mwaka 2012 Ludovic Courtès wa Ufaransa alitangaza Guix, ndugu wa Nix aliyezaliwa ndani ya mradi wa GNU. Mifano ya sura hii itatoka zaidi kwa Guix kwa kuwa ndiyo niliyoitumia, ila karibu kila nitakalosema lina pacha wake upande wa pili.

Kila kifurushi kina maelezo yaliyoandikwa: jina, toleo, msimbo unapatikana wapi, vitegemewa ni vipi, unajengwaje. Mfumo huandaa chumba kitupu, huingiza vilivyotajwa, hukata mtandao, kisha hujenga. Chumba hakioni faili zako binafsi wala programu ulizowahi kuweka. Usichokitaja hakipo. Ukisahau libxslt, ujenzi unaanguka hapo hapo mbele yako, mwandishi, wakati bado una nafasi ya kusahihisha.

Kinachotoka huwekwa kwenye stoo moja, /gnu/store, ndani ya folda ambayo jina lake linaanza na herufi na tarakimu 32 zilizokokotolewa kutokana na viungo vyote vilivyoingia. Ukibadilisha kiungo kimoja, hata kompaila tu, jina la folda hubadilika. Hivyo matoleo mawili ya lxml hukaa jirani bila kukanyagana.

Kwa ufupi: ghala la lugha linakwambia mwandishi anakumbuka nini, na chumba kilichofungwa kinakwambia programu inakula nini.

Mwagizaji

Hapo ndipo shida ya kazi inapoanza. PyPI pekee ina miradi zaidi ya laki tano. Nani atayaandika maelezo hayo yote kwa mkono?

Hakuna. Ndiyo maana Guix ina chombo ninachokiita mwagizaji, kwa maana ile ile ya mtu anayeagiza bidhaa ng'ambo. Unaandika `guix import pypi lxml`, naye anakwenda PyPI, anasoma kilichoandikwa huko, anakitafsiri kwa lugha ya Guix, na kukuchapia maelezo kwenye skrini. Ukiongeza `--recursive` anafuata ukoo mzima: kitegemewa, kitegemewa cha kitegemewa, mpaka wale ambao Guix tayari inawajua. Wapo waagizaji wa CRAN, CPAN, crates.io, wa lugha za Ruby, Go, Haskell na nyingine.

Mara ya kwanza nilipoiona kazi yake nilidhani nimemaliza. Nilikuwa sijaanza. Ukiwahi kuagiza gari lililotumika kutoka Japani unajua: karatasi zinasema "hali nzuri", na karatasi hazidanganyi, ila zinazungumzia gari jinsi alivyoliona aliyeziandika. Mwagizaji naye hukuletea karatasi. Yafuatayo bado ni juu yako:

- kutafuta viungo visivyotajwa ghalani, kama zile maktaba za C;
- kutenganisha vinavyohitajika wakati wa kujenga au kujaribu tu na vile ambavyo programu itaendelea kuvihitaji kila siku;
- kufungua faili ya leseni kwa macho yako, maana kilichoandikwa kwenye fomu ya ghala na kilichomo ndani havilingani kila mara;
- kuandika upya maelezo mafupi ya kifurushi, kwa sababu wenye vifurushi hujisifu mno.

Kitabu cha mwongozo cha Guix chenyewe hakifichi kwamba matokeo ya mwagizaji ni pa kuanzia. Nampenda mwagizaji kwa sababu hiyo. Ananiondolea kunakili, kazi inayochosha na kuzaa makosa, na kuniachia kufikiri.

Muhuri wa herufi 52

Kuna kitu kimoja ambacho mwagizaji anakifanya vizuri kuliko binadamu: anapakua msimbo na kuupiga muhuri.

Muhuri huo unaitwa heshi. Ni hesabu inayolipitia faili lote, liwe dogo kama barua au kubwa kama filamu, na kutoa mfululizo wa urefu ule ule. Badilisha nukta moja ndani ya faili na heshi nzima inageuka. Hesabu inayotumika hapa ni SHA-256, na Guix huiandika kwa herufi na tarakimu 52.

(Herufi e, o, u na t hazimo kabisa kwenye mwandiko huo. Waliotunga waliziondoa ili kupunguza uwezekano wa tusi kujitokeza lenyewe kwenye jina la folda. Walikuwa wanafikiria Kiingereza. Irabu a na i wameziacha, na sisi tunajua Kiswahili kinaweza kufika mbali kwa hizo mbili.)

Nilisema chumba cha kujengea kimekatiwa mtandao. Msimbo utaingiaje basi? Kazi moja tu inaruhusiwa kutoka nje, kupakua, na kwa sharti moja: heshi ya kinachofuatwa iwe imeandikwa kabla ya kwenda. Aliyetumwa akirudi, mzigo unapimwa mlangoni. Ukitofautiana kwa nukta, haupiti, hata kama umetoka anwani sahihi na jina lake ni lile lile.

Kwa kuwa mzigo unatambuliwa kwa muhuri wake, haijalishi umetoka wapi. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi mmoja, baada ya mzozo juu ya jina la kifurushi, aliondoa vifurushi vyake vyote zaidi ya 250 kutoka npm. Kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 ya msimbo inayoongeza nafasi kushoto mwa maandishi. Maelfu ya ujenzi duniani yakaanguka, maana ukoo wa programu kubwa kubwa ulipitia hapo, na npm ikalazimika kukirudisha saa chache baadaye. Guix ikikuta msimbo umeondolewa kwenye anwani yake huenda kuutafuta kwingine, hata kwenye Software Heritage, hifadhi ya msimbo wa dunia iliyoanzishwa na taasisi ya Inria ya Ufaransa na kufunguliwa mwaka 2016. Muhuri ukilingana, umeupata.

Lakini tusiusifu muhuri kupita kiasi. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz, chombo kidogo cha kubana faili kilichomo kwenye karibu kila Linux, kilikuwa na mlango wa wizi ndani yake. Alichoanza kukigundua ni kwamba kuingia kwenye mashine kwa mbali kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Aliyejiita Jia Tan alikuwa amejenga imani katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akapewa funguo, akatia sumu. Sehemu muhimu ya sumu haikuwa kwenye msimbo ambao kila mtu anausoma. Ilikuwa kwenye faili lililofungwa tayari kwa kupakuliwa, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Heshi ya faili hilo ilikuwa sahihi kabisa. Muhuri unathibitisha kwamba mimi na wewe tumepokea mzigo mmoja. Kama mzigo una sumu, tumepokea sumu ile ile. Tangu hapo, mwagizaji anaponiletea faili lililofungwa nami nikaona msimbo wa asili unapatikana, mimi huchukua wa asili.

Kuwatenga au kuwafunga pamoja

Ukoo ulioagizwa unaweza kuwekwa stoo kwa namna mbili, na wajenzi wamebishana juu ya hili miaka mingi.

Namna ya kwanza ni kila kifurushi kupewa maelezo yake, mmoja mmoja. Ya pili ni kutumia faili la kufuli, yaani orodha ambayo chombo cha lugha huiandika chenyewe ikitaja toleo kamili la kila mwanaukoo. Rust huliita Cargo.lock, npm huliita package-lock.json. Unachukua orodha hiyo, unapakua vyote kwa mkupuo, unapiga muhuri mmoja juu ya furushi zima. Nix hufanya hivyo kwa programu nyingi za Rust na Go.

Ya pili ni nyepesi mno. Programu ya kawaida ya Rust ina vitegemewa mamia, vidogo vidogo, na kuviandikia maelezo kimoja kimoja kunachosha mpaka watu huacha. Ila kumbuka Desemba 2021, dosari ilipogunduliwa kwenye log4j, maktaba ya Java ya kutunza kumbukumbu za matukio. Kuirekebisha maktaba yenyewe hakukuchukua muda. Taabu ilikuwa kuitafuta, kwa sababu ilikuwa imefungwa ndani ya programu nyingine, na hizo ndani ya nyingine tena. Kila mwanaukoo akiwa na maelezo yake, unasahihisha mahali pamoja na mfumo unajua nani wa kujengwa upya.

Mimi huwatenga wa Python na R, maana koo zao ni za kuhesabika. Wa Rust nawafunga, na dhamira hainisuti.

Wa JavaScript ni habari nyingine. Vifurushi vingi vya npm hufika vikiwa vimekwisha kusagwa, na ukijaribu kuvijenga kutoka msimbo wa asili unakuta chombo A kinajengwa kwa chombo B ambacho nacho kinajengwa kwa A. Kuku na yai. Mwagizaji wa Guix upande huo anaitwa npm-binary, na jina lenyewe linakiri: analeta kilichopikwa. Si kwamba mzunguko wa aina hii haukatiki. Kompaila nazo zilikuwa hivyo hivyo, na mwaka 2023 Guix ilifika mahali pa kuujenga mfumo wake kuanzia kijiprogramu cha baiti 357, kidogo kiasi cha mtu kukisoma kwa jicho. Ila kule watu walikaa miaka wakikata. Kwa npm bado.

Saa tisa usiku

Nilirudi kwenye kazi ya Mwanza mwaka uliofuata, safari hii na Guix. Mwagizaji akanisaidia ukoo wa Python, chumba kikaninyima libxslt, nikaiandika. Kijana hakuwa na bando la kupakua kila kitu, kwa hiyo nilitoa viungo kutoka stoo yangu kwa `guix archive --export`, nikavitia kwenye flashi na kuituma kwa basi. Kompyuta yake ilivikataa kwanza, kama inavyopasa, mpaka alipoisajili saini ya mashine yangu kuwa ya kuaminika. Programu yenyewe nilimwachia aijenge.

Nilitaka kujua jambo moja: je, tumepata kitu kile kile? Hiyo ndiyo maana ya ujenzi unaorudika. Ukijenga mara mbili, mahali pawili, matokeo yafanane hadi nukta ya mwisho. Jina la folda halitoshi kwa hilo, kwa sababu linaeleza viungo vilivyoingia, na wapishi wawili wenye viungo sawa wanaweza kupakua vyungu tofauti. Inabidi upige heshi chakula chenyewe.

Hazikulingana.

Kosa lilikuwa langu. Chini ya dirisha la programu nilikuwa nimeweka mstari unaoonyesha tarehe na saa ya kujengwa, kwa kujipamba tu. Saa ni kiungo ambacho karibu kila mtu husahau kukiandika. Watu wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, waliolishika suala hili tangu 2013, waliona mambo hayo hayo yakijirudia: saa, mpangilio wa faili kwenye diski, jina la folda ya kujengea. Ndipo wakaweka utaratibu wa SOURCE_DATE_EPOCH, namna ya kuiambia programu "kama ni lazima uandike saa, andika hii". Guix na Nix kwa upande wao huzirudisha saa za faili zote za stoo hadi sekunde ya kwanza ya mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Kwetu ni saa tisa usiku. Ukifungua stoo kwenye kompyuta ya Mwanza unakuta kila faili, bila kujali limetengenezwa lini, limezaliwa usiku huo mmoja.

Nikaufuta mstari, nikamtumia msimbo mpya, akajenga. Jioni akanipigia.

"Kaka, nakusomea?"

"Nisomee, mdogo wangu. Taratibu."

Akasoma, mimi nikaweka kalamu chini ya kila herufi ya upande wangu. Ilipofika ya arobaini aliniuliza kama bado tuko pamoja. Nikamwambia tuko pamoja, asome.